Kuyakimbia Majaliwa: Kufundisha "Mfalme Edipode" Ufukoni mwa Ziwa Nyasa

Tulipoanza kufundisha tamthilia ya Sofokile, katika tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1971, tulianzia Uyunani. Tukaeleza habari za Delphi na miungu yake. Wanafunzi wakanakili, wengine wakasinzia. Ndipo tulipofika kwenye Sfinksi, yule dubwana aliyewatega watu kwa kitendawili mpaka Edipode akakitegua. Tukawakumbusha mwamba wa Liuli, ambao kwa umbo lake Wajerumani waliiita bandari ile Sphinxhafen, yaani Bandari ya Sfinksi. Darasa likaamka. Wengi wao walikuwa wameupita mwamba ule kwa mitumbwi tangu utotoni.

Hadithi yenyewe yajulikana. Ilitabiriwa kwamba mtoto wa mfalme Laius atamwua babaye na kumwoa mamaye. Wazazi wakamtoboa vifundo vya miguu, wakamtoa akatupwe mlimani. Mchungaji akamhurumia, na mtoto akalelewa Korintho. Alipokua akausikia utabiri, akawakimbia wale aliodhani ni wazazi wake. Na penye njia panda akamwua mzee asiyemjua. Mzee huyo alikuwa Laius.

Wanafunzi wakahitimisha: "Ajali haina kinga." Methali hiyo ingeweza kulifunga somo. Lakini tuliwataka waandike jinsi hatua za kukimbia zilivyomsogeza Edipode kwenye msiba, kisha watoe mfano wa nyumbani kwao.

Msichana mmoja akasoma habari za mjomba wake. Kaka wa mjomba huyo alikufa maji. Mama yao, kwa hofu, akamkataza mdogo asiguse ziwa, akampeleka kwa jamaa katika milima ya Umatengo, akakulia kwenye mikahawa na mashamba ya ngoro. Akiwa kijana alirudi ufukoni kwa ajili ya matanga. Akapanda mtumbwi pamoja na wenziwe. Kusi ikavuma, mtumbwi ukapinduka si mbali na nchi kavu. Wenziwe wakaogelea. Yeye hakujua.

Darasa likanyamaza. Kisha msichana akauliza: "Mwalimu, je, bibi yangu alikosa kwa kumpenda mwanawe?"

Hatukuwa tumeliandalia swali hilo jibu. Tulimwambia kwamba upendo si kosa, na kwamba hakuna awezaye kuapa kuwa kijana angepona kama angalibaki ufukoni. Lakini hofu ilimnyang'anya ujuzi ambao ungeweza kumwokoa. Na ndivyo ilivyokuwa kwa Edipode: kama asingalitupwa, angaliijua sura ya babaye pale njia panda. Waliomficha na utabiri walimficha pia na ukweli. Basi kukimbia kwao ndiko kulikoitengeneza njia ya maangamizi.

Kwa walimu wenzetu twapendekeza haya. Methali isitolewe mwanzoni mwa somo, maana hufunga mjadala kabla haujafunguka. Wanafunzi wafuate matendo ya mhusika hatua kwa hatua, wakiuliza kila mara: hapa alijua nini, na nini hakukijua? Mifano ya kwao ipokewe kwa heshima, kwani huenda msiba ungali mbichi.

Nasi tuna la kukiri. Kwa miaka kadhaa tuliiacha tamthilia hii tukihofia kwamba wanafunzi wetu wangeshindwa. Kumbe tulikuwa tukiwapeleka milimani ili wasizame.