Barua Iliyolala Katika Mtoto wa Meza

Mimi ni karani wa parokia, na kwa siku nne niliifungia barua ya mtu katika mtoto wa meza makusudi.

Barua ilikuwa ya mpwa wangu. Yeye ni mwalimu wa sekondari, ameajiriwa na Serikali, naye alikuwa akiomba fedha za kusomea udaktari kwa miaka mitatu. Ataka kuchunguza jinsi mkulima anavyoamua kupanda au kungoja, hali hajui mvua itanyesha lini. Kazi hiyo haitoshelezwi na elimu moja. Yataka saikolojia, yaani elimu ya nafsi, na uchumi, na kilimo pamoja. Paroko alikwisha tia sahihi barua ya kumshuhudia, nami nilibakiwa na kupiga mhuri tu. Nikamwambia, "Subiri kwanza. Ukiacha kazi, na fedha zile zikikoma, utarudi wapi?"

Akajibu, "Mjomba, hilo hilo ndilo ninalotaka kulisoma." Akacheka. Mimi sikucheka.

Aliniachia karatasi zake. Humo nilisoma habari za Daniel Kahneman na Amos Tversky, wataalamu wa saikolojia, ambao mwaka 1979 walieleza katika jarida la wachumi kwamba hasara humwuma mtu kuliko faida ya kiasi kile kile inavyomfurahisha. Nikawajaribu wanakwaya baada ya mazoezi: turushe sarafu, ukishindwa ulipe shilingi 10,000, ukishinda upate 15,000, nani yu tayari? (Paroko asidhani ni kamari, fedha yenyewe haikuwapo.) Karibu wote walikataa, na mweka hazina wao alikataa hata kabla sijamaliza kusema. Nami ningalikataa.

Hapo nikajiona. Siku zile nne nilikuwa nimehesabu mshahara atakaoupoteza, na bima, na pensheni, hata nyumba ya shule anayokaa. Faida sikuhesabu hata moja.

Tena Kahneman mwenyewe alisomeshwa kwa fedha za namna hiyo. Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem kilimgharimia udaktari Marekani, ili arudi kufundisha. Alikwenda mwaka 1958, akamaliza Berkeley mwaka 1961, akarudi. Kazi yake na Tversky ilianzia huko Jerusalem. Mwaka 2002 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, naye hakuwa mchumi. Tversky alikwisha fariki mwaka 1996. Waliotoa fedha zile mwanzoni hawakuyajua hayo hata kidogo. Walimpa kijana, wakangoja.

Najua, msomaji, si kila apewaye fedha huwa Kahneman. Wengine hurudi na madeni.

Siku ya tano nilipiga mhuri, nikampelekea barua kwa baiskeli, imesalia siku moja tu ya kupokea maombi. Majibu hayajaja. Dada yangu, mama yake, amekwisha sikia. Jumapili alipita mbele ya ofisi yangu asinisalimu.