Usukani Usemao Kweli

Wengi hudhani kwamba usukani wa mchezo wa video hufungwa mezani tu, mtu akaanza kushindana. Sivyo. Usukani usiopangwa ni kama ngoma isiyowambwa vizuri.

Wetu nyumbani ni Logitech G29. Huzunguka digrii 900, yaani mara mbili na nusu kutoka kushoto kabisa hata kulia kabisa. Kwa motokaa ya kawaida kiasi hicho chafaa. Kwa gari la Formula 1 yafaa kupunguza hata karibu digrii 360, maana dereva wake habadilishi mikono katika kona.

Kisha kuna nguvu ya mota. Vijana hupenda kuipandisha hata mwisho. Lakini mota ikifika ukomo wake, shimo kubwa na dogo huja mkononi kwa uzito mmoja. Ni kama mtu apigaye kelele daima: hata siku ya moto hakuna amsikilizaye.

Mjomba wangu aliendesha lori kati ya Mombasa na Kampala hata bega likaumia, akaacha kazi. Wakati wa likizo humpangia usukani katika Euro Truck Simulator 2. Nguvu naishusha mpaka bega livumilie, bali siiondoi yote, kwani mikono yake haidanganyiki. Akipita kona kimya, macho yamekaza njia, najua kiasi kimepatikana.

Basi, ndugu zangu, msiulize usukani upi una nguvu zaidi. Ulizeni upi humwambia kweli yule aushikaye.