Maradhi ya Msumeno

Uwanda wa juu wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ni nchi ya majani mengi na miti michache. Gogo la mninga lifikapo Sumbawanga, mara nyingi limetoka mbali, na mwenyewe amelitolea fedha nyingi. Likipasuliwa vibaya, halirudi kuwa gogo tena.

Zamani magogo yalipasuliwa na watu wawili, mmoja juu na mmoja shimoni. Baadaye ikaja mashine ambayo msumeno wake ni utepe wa chuma cha pua, ulioungwa ncha kwa ncha na kuzungushwa juu ya magurudumu mawili. Mwingereza William Newberry alipewa hati ya uvumbuzi huo mwaka 1808. Lakini tepe zilikatika mno penye kiungo, hata mwaka 1846 mwanamke wa Ufaransa, Anne Paulin Crepin, akapata njia njema ya kuziunga.

Utepe nao huugua, na kila ugonjwa una dalili yake.

Dalili ya kwanza ni kwenda upande. Gogo lasukumwa sawasawa, lakini ubao watoka mnene huku na mwembamba huku. Pengine utepe umelegea, pengine meno ya upande mmoja ni butu, au fundi ana haraka. Dawa si kusukuma kwa nguvu, bali kuukaza utepe na kuyanoa meno yote kwa kipimo kimoja.

Ya pili ni moshi na harufu ya kuungua. Meno hupindwa, hili kushoto na hili kulia, ili njia iwe pana kuliko utepe. Mapindo yakiisha, au utomvu ukiganda, utepe hubanwa na kupata moto. Basi usafishwe, upindwe meno, na kunolewa.

Ya tatu ni meno kung'oka. Mara nyingi sababu ni msumari uliojificha au changarawe katika gome. Kwa hiyo gogo lisuguliwe na kutazamwa kwanza.

Ya nne ndiyo ya hatari. Kila mzunguko utepe hupindwa na kunyoshwa, hata nyufa nyembamba kama unywele zikaanza katika mabonde ya meno. Fundi mwenye sikio husikia mgongo mdogo, "ko, ko," kila utepe uzungukapo. Hapo mashine isimamishwe mara moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na utepe ukikatika mbioni waweza kumwumiza mtu vibaya. Penye ufa pakatwe, paungwe upya. Na jioni, kazi ikiisha, utepe ulegezwe upumzike.

Mchagua jembe si mkulima. Fundi mvivu hulaumu msumeno na kununua mwingine, nao huharibika vilevile. Fundi mwangalifu huuliza kwanza unaumwa nini, na gogo lililotoka mbali huwa mbao, wala si kuni.