Kibuyu cha Mbegu

Katika milima ya Kivu watu hupanda maharagi mara mbili kwa mwaka: mwezi wa tisa, na tena mwezi wa pili au wa tatu. Kati ya mwezi wa sita na wa nane ni kiangazi. Wakati huo mbegu hukaa nyumbani.

Mama mmoja alivuna maharagi yake mwezi wa sita. Kabla ya kuvuna alifunga kamba za mgomba kwenye mimea yenye afya na maganda mengi. Mimea hiyo aliiacha ikauke kabisa, akaipura peke yake. Akatupa punje zenye madoa na zenye matundu, akaanika nzuri juani siku nyingi. Kisha akauma punje moja. Ikapasuka; meno hayakuacha alama. Akajua kwamba zimekauka, hazitaota ukungu.

Akazichanganya na majivu makavu, kwa sababu majivu huzuia fukusi, wadudu wanaotoboa maharagi. Akazitia katika kibuyu, akakiziba kwa gunzi, akakitundika juu ya moshi wa jiko. Akamwambia mtoto wake: «Mungu hutupa mvua. Mbegu tunaziweka sisi.»

Mwezi wa nane chakula kilipungua. Siku moja mama alikwenda sokoni. Mtoto alimsikia mdogo wake akilia kwa njaa. Akashusha kibuyu, akatoa konzi tatu, akaziosha, akazipika. Wakala, wakashiba.

Jioni mama aliona majivu chini. Akakipima kibuyu mkononi, akanyamaza.

Mvua ya kwanza iliponyesha, walilima shamba lote. Wakapanda mpaka kibuyu kikawa kitupu. Matuta matatu yalibaki.

«Mama, na hapa tutapanda nini?»

«Mwanangu, ya hapa yalikwisha kuliwa.»

Kila asubuhi, akienda shuleni, mtoto alipita karibu na matuta yale. Mengine yalikuwa na majani mabichi; yale matatu yalikuwa na magugu tu.

Mavuno yalipokaribia, mama alimkuta shambani, kamba za mgomba mkononi, akichagua mimea. Siku ya kujaza kibuyu, ni yeye aliyeuma punje.

Maulizo
1. Kwa nini mama aliuma punje?
2. Majivu yana kazi gani?
3. Mtoto angefanya nini mdogo wake alipolia?