Mapango ya majini huku kwetu: yapo, lakini pini sikutumii

Najua wengi wenu mnanifuata kwa habari za seva, programu na ugomvi wangu usiokwisha na simu za bei nafuu. Leo tutoke kidogo kwenye kibodi. Hata hivyo msijali, baada ya aya mbili tatu mtaona kwamba mtu wa kompyuta hata akienda baharini hubeba ugonjwa wake.

Swali ninaloulizwa ni hili: wewe uko Malindi, mwambao wote wa Malindi na Kilifi ni mawe ya matumbawe yaliyojaa matundu, je, kuna mapango ya kuzamia na mtungi? Wapi? Na mara nyingi swali linamalizikia na maneno mawili: tuma pini.

Jibu fupi ni kwamba mapango ni mengi, ya kuzamia ni machache, na yale ya kuzamia kwa usalama na mtu mwenye cheti cha kawaida ni machache zaidi. Jibu refu linaanza na jiwe lenyewe. Miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na matumbawe yaliyoota wakati ule ndiyo haya majabali tunayojengea nyumba. Baadaye dunia ikapoa, barafu ikafunga maji huko kwenye ncha, na miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilishuka hadi mita 120 hivi chini ya ilipo sasa. Mvua ikishuka hubeba gesi ya kaboni, inakuwa na uchachu kidogo, na polepole inakula jiwe la chokaa. Kwa hiyo mashimo yaliyochimbwa na maji ya mvua wakati bahari iko mbali, bahari iliporudi iliyajaza. Ndiyo sababu mtu anayetazama mwamba wa Watamu anaota ndoto za mapango marefu chini ya miguu yake. Ndoto si ya kijinga. Ila ndoto si ramani.

Mapango yetu maarufu ni makavu. Panga ya Saidi, kule juu kwenye vilima vya Dzitsoni, ndilo lililotoa lile kaburi la mtoto wa miaka mitatu hivi, aliyezikwa miaka kama 78,000 iliyopita. Watafiti wakampa jina la Mtoto na habari ikachapishwa katika jarida la Nature mwezi Mei 2021. Ukienda kusini hadi Kwale kuna Shimoni, mji uliopata jina kwa pango lake. Huko hakuna kuzama, unaingia kwa miguu.

Majini, panapojulikana na wapiga mbizi ni mdomo wa hori ya Mida, karibu na Watamu. Pale kuna vyumba vya mwamba wanavyokaa tewa wakubwa, wengine mzito kuliko mimi na wewe. Si kina kirefu. Nitaviita mapango ya nuru: ukiwa ndani, ukigeuza kichwa unaona mlango na mwanga wa jua. Tofauti na hayo ni mapango ya giza, ambako umepiga kona na mlango huuoni tena. Ninaomba tofauti hii uishike, maana kila kitu kinachofuata kinasimama juu yake. Cheti cha kwanza cha PADI, kile cha Open Water, kinakupa mita 18 na hakikuruhusu kuwa na dari juu ya kichwa. Pango la nuru lina kozi yake, na hata mwenye kozi hiyo jumla ya safari yake kutoka uso wa maji, kushuka pamoja na kuingia, haizidi mita 40. Pango la giza ni shule nyingine kabisa, na watu huifuata Florida au Mexico.

Sasa, kutafuta. Mimi nilianza kama mtu yeyote wa fani yetu: picha za setilaiti. Google Earth ina picha za miaka tofauti, na ukibahatika kupata iliyopigwa maji yamekupwa sana unaona mabaka meusi kwenye mwamba. Nikaandika programu ndogo ya kulinganisha picha na jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Kilindini, nijue ipi ilipigwa saa ya bamvua. Nilifurahi sana. Nikatoka na mabaka mengi, na mengi yakawa nyasi za bahari.

Hifadhidata ya kweli ilikuwa inatembea na mkuki. Mvuvi wa pweza anajua kila tundu la mwamba wake, kwa sababu tundu ni mfuko wake. Bamvua ikipwa, mwandamo au mwezi mpevu, yuko nje anapita shimo baada ya shimo, na kila shimo lina jina. Mzee mmoja aliyenichukua kwenye ngalawa yake nilimwonyesha mabaka yangu kwenye simu. Akatazama, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hii picha imepigwa kusi au kaskazi?" Sikuwa nimeiweka safu hiyo kwenye jedwali. Wakati wa kusi mawimbi yanapiga majabali ya Vuma, karibu na Takaungu, kwa nguvu ya kumtoa mtu roho, na mahali panapoonekana tundu la kupendeza mwezi wa Februari, Julai ni kinu. Na ukielekea Malindi kuna mto Sabaki unaomwaga udongo mwekundu baharini. Baada ya mvua za bara unaweza usione kidole chako.

Jedwali likakua. Safu zake: jina wanalotumia wavuvi, mdomo unaelekea wapi, kina wakati wa kupwa, mwanga unafika mpaka wapi, mkondo, msimu, na mwenyewe ni nani. Hiyo ya mwisho ndiyo watu hawaiulizi. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyoanzishwa 1968, mwenye neno ni KWS: unalipa kiingilio na unafuata masharti. Kwenye bandari ndogo za wavuvi kuna kamati za ufukwe, BMU, na adabu ni kuanza kwao. Na mapango ya nchi kavu mengi yana wazee wake. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini wazee walikuwa wanaitunza kabla ya UNESCO kuwako. Pango lenye maji chini unalolisikia huko huenda ni mahali pa kuombea, si bwawa la kuogelea.

Tuje kwenye kujiandaa. Hapa ndipo mhandisi wa programu anajisikia nyumbani, maana kila kanuni ya pangoni imeandikwa na hitilafu ya mtu mwingine. Mmarekani Sheck Exley, mwaka 1979, alitoa kijitabu kilichochambua ajali za mapangoni moja baada ya nyingine. Waliokufa hawakuwa watu wasiojua kuogelea. Baadhi walikuwa walimu wa mbizi, hodari sana kwenye bahari wazi. Sababu zilijirudia: hawakuwa na kamba inayofika mpaka nje, hawakuweka akiba ya hewa ya kutokea, walikwenda kina kilichowazidi.

Kamba kwanza. Inafungwa nje, kwenye mwanga, na haikatiki mpaka ulipo. Sababu ni tope. Chini ya dari ya mwamba kuna vumbi laini lililotulia miaka na miaka, pezi lako moja likiligusa vibaya unageuka kipofu papo hapo, na tochi inakuwa kama taa ya gari kwenye ukungu wa Limuru. Hapo macho hayana kazi, mkono kwenye kamba ndio unaokutoa. Tochi nazo ni tatu kwa kila mtu, na kila moja iwe na uwezo wa kukutoa peke yake. Sisi tunaita nakala rudufu.

Halafu hewa, na hapa ngoja nipige hesabu kidogo. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 una lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu huvuta kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Mita 10 chini shinikizo ni mara mbili, kwa hiyo ni lita 40, na mtungi mzima ni dakika 60. Kanuni ya theluthi inasema: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya balaa. Theluthi ya 200 ni 66 na ushee, unaishusha iwe 60. Kwa lugha yetu:

kama hewa_ya_yeyote <= 140: geukeni

Angalia nimeandika "ya yeyote". Mwenzako akifika 140 kabla yako, mnageuka wote, hata kama yako ni 165 na umeona mkia wa tewa. Kwa nini 140? Chukua saa mbaya kuliko zote: mko mwisho kabisa wa safari na kifaa chake cha kupumulia kimekufa. Mnarudi wawili kwa mtungi mmoja. Bar 60 zako, bar 60 zake, jumla 120, mnatoka na bar 20. Ishirini! Na hiyo ni kama wote wawili mmetulia. Mtu aliyeshtuka hupumua hata mara mbili ya kawaida.

Hesabu hiyo ina dhana moja iliyojificha ndani, na kwa huku kwetu dhana hiyo ni hatari: kwamba kurudi kunachukua muda uleule wa kwenda. Mdomo wa Mida ni mwembamba na hori nyuma yake ni pana. Katika bamvua kubwa tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani yetu inakaribia mita 4, na maji yote hayo yanapita kwenye mlango huo mmoja. Ukiingia na mkondo unaokusukuma, dakika tano za kwenda zinaweza kuwa kumi na tano za kurudi, na theluthi yako imekwisha kabla ya mlango. Ndiyo maana watu wa Watamu huingia pale maji yakisimama tu. Na jedwali la Kilindini halikuambii saa ya kusimama mdomoni mwa Mida, kwa sababu hori huchelewa kuitikia bahari. Nahodha anajua. Mimi na programu yangu hatujui. Siku za maji mafu ni afadhali kuliko bamvua, na asiye na nahodha wa pale asubiri.

Kuna jambo jingine ambalo wageni kutoka Nairobi hulisahau. Kupanda juu mapema baada ya kuzama, gesi ya naitrojeni iliyo mwilini inatoka kwa pupa kama soda iliyofunguliwa. Ushauri wa DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, ni kusubiri saa 12 kabla ya kuruka baada ya mzamo mmoja wa kawaida, na 18 ukiwa umezama siku kadhaa. Nairobi yenyewe iko kama mita 1,700 juu ya bahari, sawa na hewa ya ndani ya ndege nyingi. Kwa hiyo kuzama Jumapili asubuhi na kulala kwenu Kasarani usiku huohuo si mpango mzuri, hata ukipanda basi. Chumba cha shinikizo cha kutibu ugonjwa huo kiko kwa Jeshi la Wanamaji, Mombasa. Piga simu kabla ya safari ujue kama kinafanya kazi wiki hiyo, si baada.

Na ukikwama, nani anakuja? Mnakumbuka Likoni, tarehe 29 Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka feri ya MV Harambee na mama na mwanawe ndani. Ilikuwa maji ya wazi, bila dari yoyote, mbele ya mji mzima, wanamaji wako hapohapo, na bado walitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka mita 58, kwa sababu ya kina, mkondo na giza la maji. Weka dari ya jiwe juu ya hayo, halafu weka mahali penyewe palipo mbali na mji.

Sasa pini. Mimi ni muumini wa data huria, nimechora barabara na visima kwenye OpenStreetMap usiku mwingi. Rafiki yangu wa Nairobi, fundi kuliko mimi, ananibana: katika fani yetu kuficha si usalama, anayetaka kwenda atakwenda, bora aende akijua kina na mkondo. Nusu ya hoja yake nimeikubali, ndiyo sababu safu za mkondo, msimu, mwanga na mwenyewe ni nani nampa yeyote anayeomba. Viwianishi sitoi. Nywila ikivuja unabadilisha. Nukta kwenye ramani husomeka "karibu", hata uzungushie maandishi mekundu kiasi gani. Tena matundu hayo niliyapewa na wavuvi kwa kuaminiwa, na nikiyatangaza ni kama kutangaza shamba la mtu. Anayetaka kufika aende ufukweni, aulize BMU, amlipe nahodha, atazamwe usoni na mtu mzima.

Binamu yangu wa Mtwapa, aliyepata cheti chake Desemba, alinipigia akitaka tundu moja analolijua kwa jina tu. Nikamtumia jedwali bila viwianishi. Akajibu "sawa" na kwa majuma mawili hatukusalimiana. Juzi amepiga tena. Bamvua ijayo mzee anatutoa na ngalawa tukapime midomo miwili kwa bildi, tukiwa juu, bila mitungi. Binamu atashika kamba, mimi nitaandika.