Simu Inasema Hewa Iko Poa, Mtoto Anakohoa

Wasee wa Ruiru na Thika, leo naongea hesabu. Usikimbie.

Dadangu mdogo ana pumu. Tunakaa Ruiru, na hii baridi ya Julai moshi haupandi juu, unalala tu chini na sisi. Kuna asubuhi moshi wa takataka umejaa ploti mpaka nguo kwenye kamba zinanuka, na apu ya hewa kwenye simu inaonyesha kijani. Eti hewa safi.

Shida si simu, shida ni kisanduku. Apu nyingi huchukua utabiri kutoka mifumo ya dunia nzima, kama CAMS ya Ulaya. Kompyuta haiwezi kufuata kila pumzi ya hewa, kwa hivyo inagawa dunia kwa visanduku na kukipa kila kimoja namba yake. Kwa CAMS ya dunia, upande mmoja wa kisanduku ni kama kilomita 40. Kutoka Ruiru hadi Thika ni kama 20! Ruiru, Juja na Thika zote zinaweza kutoshea mle ndani. Tuseme moto umewaka dampo la Kang'oki kule Thika. Hesabu inachukua ule moshi na kuupaka kisanduku chote kama blubandi kwa mkate. Aliye kando ya moto na aliye kilomita 30 mbali wanaambiwa kitu kimoja.

"Si wapunguze visanduku basi?" Pole. Ukitoka kilomita 40 hadi 1, kila kisanduku kinazaa 1,600. Halafu kwa mbinu nyingi moshi haufai kuruka kisanduku kizima kwa hatua moja ya hesabu, so hatua nazo lazima ziwe fupi mara 40. Zidisha: kazi ya kompyuta imepanda mara 64,000. Na hapo unahesabia pia katikati ya Pasifiki, ambako hakuna mtu anachoma plastiki.

Kitu imenibamba ni gridi ambazo hazijapangwa kwa mistari kama daftari la hesabu. Zinatumia pembetatu za saizi tofauti: kubwa pale hewa imetulia, ndogo ndogo pale moshi uko. Upepo ukisukuma moshi kutoka Thika kuja Juja, pembetatu ndogo zinaufuata, na zilizoachwa nyuma zinaunganishwa ziwe kubwa tena. Imperial College London wana programu huria, Fluidity, inayobadilisha gridi hivi hesabu ikiendelea. Wajerumani nao hutabiri hali ya hewa kwa pembetatu tangu 2015, mfumo unaitwa ICON, ingawa zao hazikimbizani na moshi.

Si rahisi, manze. Kila gridi ikibadilika, namba za zamani zinahamishwa kwa pembetatu mpya, na kama zilikuwa kilo 10 za moshi lazima zibaki kilo 10. Ukihamisha ovyo, moshi unapotea njiani kama chenji iliyopitia mikono mingi kwa matatu.

Kwa maoni yangu, sisi ndio tunahitaji hii kitu kuliko wengi. Moshi wetu ni wa karibu: takataka, jiko, vumbi la timbo, magari ya Thika Road. Kisanduku kikubwa kinafaa vumbi la jangwa linalovuka nchi nzima, hakifai moto wa nyuma ya ploti. Na JKUAT iko Juja, katikati yetu kabisa, imejaa watu wa hesabu na kompyuta. Hakuna haja ya kuigiza dunia yote. Anzeni na kipande cha Kiambu.

Lakini hata pembetatu ya mita 100 bila kujua nani anachoma nini, wapi na saa ngapi, itatupa uongo wa HD. Hesabu huanza na orodha ya vyanzo vya moshi, na ule moto mdogo wa saa moja usiku hata setilaiti mara nyingi haiuoni. Anayeuona ni jirani.

Mimi nimeanza daftari: tarehe, saa, mtaa, upepo unatoka upande gani. Uko Kimbo, Witeithie ama Makongeni? Anza lako, ukianza na leo jioni.