Nasaha za Saa Kumi Alfajiri

Kabla jogoo wa kwanza hajawika, katika kitongoji kimoja nje ya mji wa Kitale, mwanamke mmoja huamka kimyakimya, akajitanda leso mabegani, akaenda jikoni na kuiwasha tarakilishi ya mumewe juu ya meza ya vyombo. Majirani humwita Mama Mchungaji. Jina hilo limemganda kiasi kwamba hata wale aliowafundisha Kiswahili katika shule ya msingi kwa miaka ishirini na ushei wamesahau kuwa aliwahi kuitwa Mwalimu. Anasomea ushauri nasaha wa Kikristo. Chuo chake kiko Virginia, Marekani, na kipindi chake cha kila juma huanza saa mbili za usiku huko, ambazo Kitale ni saa kumi alfajiri.

Kwa usahihi zaidi, ni saa kumi wakati wa baridi ya huko na saa tisa wakati wa joto. Wamarekani huzisogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, jambo ambalo mtu aliyezaliwa jirani na Ikweta, ambako jua halina kigeugeu, halikumbuki kwa wepesi. Machi ya kwanza aliingia darasani akawakuta wenzake wanasema Amina. Novemba iliyofuata aliketi saa nzima mbele ya skrini tupu, akidhani mtandao umemtupa, huku kifurushi chake cha data kikiyeyuka kama barafu ya samaki sokoni.

Kusoma mambo ya Mungu kwa mbali si jambo geni Afrika Mashariki. Kuna wazee wengi ambao ujana wao uliwakuta wakijibu maswali ya Sauti ya Unabii, masomo ya Biblia ya Waadventista yaliyokuja kwa posta, bahasha ikienda na bahasha ikirudi. Kilichobadilika ni kasi. Nyaya za mawasiliano za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009. Kisha ukaja mwaka 2020, makanisa yakafungwa mwezi Machi kwa sababu ya Korona, na hata wale wazee wa kanisa walioishuku simu wakaanza kusali kupitia kwayo. Vyuo vikuu vya Kikristo nchini Kenya, Daystar kikiwa kimojawapo, hufundisha taaluma hii pia. Mama Mchungaji aliangukia cha ng'ambo kwa sababu kanisa rafiki la huko lilikubali kumlipia karo, na mgeni hachagui kitoweo. Anafahamu fika kwamba cheti hicho peke yake hakitamfanya mshauri nasaha mbele ya sheria, maana Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi na kuweka utaratibu wa usajili. Hilo halikumsumbua. Hakutaka kufungua ofisi. Alitaka kujua la kusema watu wanapobisha mlango wa mchungaji usiku.

Somo la kwanza lilimfurahisha mno. Lilimhusu Jay Adams, mchungaji Mmarekani ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1970, Competent to Counsel, alishikilia kwamba mtumishi mwenye Maandiko anaweza kuwashauri waumini bila kuwapigia magoti wanasaikolojia. Adams aliijenga nadharia yake juu ya kitenzi cha Kigiriki noutheteo, na Biblia ya Kiswahili ya Union hukitafsiri kitenzi hicho kwa neno kuonya. Mwalimu wa Kiswahili aliyelala ndani ya Mama Mchungaji aliamka hapo hapo. Onya ni mtoto wa ona. Anayeonya humfanya mwenzake aone. Je, si hivyo alivyofanya bibi yake, aliyewaketisha wajukuu karibu na jiko na kuwaonyesha njia kabla hawajajikwaa?

Masomo yaliyofuata hayakuwa na utamu huo. Alikutana na Carl Rogers, ambaye tangu kitabu chake cha mwaka 1951 alimweka mteja mwenyewe katikati ya mazungumzo na kumtaka mshauri asimwamulie. Alikutana pia na Larry Crabb na Gary Collins, Wakristo wawili ambao katika vitabu vyao vya 1977 na 1980 walijaribu, kila mmoja kwa namna yake, kuitumia saikolojia bila kuliweka Neno kando. Mifano ya vitabuni ilimchosha. Wanandoa waliagizwa kuwawekea wazazi wao mipaka, ilhali katika kitongoji chake mama mkwe huishi ng'ambo ya ua, na ndiye mwenye kisima.

Mtihani wa vitendo ndio uliomwaibisha. Wanafunzi walitakiwa kuigiza wawili wawili mbele ya kamera, mmoja akiwa mshauri na mwingine mwenye tatizo. Mwenzake alijifanya mjane. Mama Mchungaji alimpa pole, akamfungulia mafungu manne ya Biblia, akamsimulia habari za Ruthu na Naomi na kumalizia kwa sala nzito. Alidhani amefaulu. Mhadhiri alirudisha kanda ikiwa na hesabu: katika dakika kumi, mshauri alizungumza saba na nusu. Chini yake aliandika agizo fupi kwamba auliza, kisha angoje.

Kwa siku kadhaa alikuwa na kinyongo, kisha akaugeukia msamiati, kama afanyavyo mtu wa lugha akikwama. Kwa Kiingereza taaluma hii ina neno moja. Kwa Kiswahili ina mawili, ushauri nasaha, nayo yalienea mno nchini baada ya serikali kutangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka 1999 na vituo vya upimaji wa hiari kuzagaa katika mwongo uliofuata. Ushauri ni maoni apewayo mtu ili ajue la kufanya. Nasaha ni mawaidha mema. Maneno yote mawili yalitoka Uarabuni, na yote mawili, jinsi yanavyotumiwa leo, yanamweka mjuzi upande mmoja na asiyejua upande wa pili. Ni kweli kwamba shina la shauri linahusu watu kuulizana na kupatana, kama katika shura, lakini maana hiyo imefifia katika vinywa vya watu. Anayeambiwa "shauri yako!" mitaani hajaalikwa kwenye mazungumzo, amefungiwa mlango. Si ajabu, basi, kwamba mtu akifuzu ushauri nasaha husikia jina la kazi yake likimwambia aseme.

Fauka ya hayo, aliitazama Injili ya Yohana, sura ya 14, pale Yesu anapoahidi kumtuma Roho. Biblia ya Kiingereza aliyotumiwa na kanisa rafiki, ile NIV ya 1984, ilimwita Roho huyo kwa neno lile lile la mshauri. Toleo la 2011 likalibadilisha na kuweka neno la mtetezi. Kigiriki kinamtaja aliyeitwa awe kando ya mwenziwe. Biblia ya Union, iliyochapishwa mwaka 1952 kabla ya mabishano ya Adams, Crabb na Collins, ilikuwa imeandika Msaidizi. Mama Mchungaji alilisoma neno hilo alfajiri hiyo kana kwamba halijawahi kuwamo. Msaidizi hahitaji kuanza kwa kusema.

Hapo ndipo alipomkumbuka mwanamke ambaye kwa muda mrefu alikuwa amejitahidi asimkumbuke.

Mwana wa mwanamke huyo alijitoa uhai. Wakati huo, kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Ni tarehe 9 Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Aliyekufa hashtakiwi, lakini kivuli cha kosa kiliangukia boma zima. Mazishi yalifanywa haraka, nyimbo zikawa chache, na kila mtu akasema kijana "alipatikana", bila kusema alipatikana vipi. Mama Mchungaji alikwenda kumfariji mama mtu. Alisoma mafungu matatu. Kisha, kwa sauti ya upole kabisa, akamwuliza kama kijana alikuwa ameokoka. Yule mama hakujibu. Tangu Jumapili iliyofuata kiti chake kanisani kilikuwa kitupu, na kikundi cha akina mama kikaliweka jina lake katika maombi kila Alhamisi, pamoja na maelezo yote ambayo maombi hayo hayakuyahitaji. Kozi ina somo zima kuhusu kutunza siri. Haisemi lolote kuhusu siri inayotembea ikiwa imevaa joho la sala.

Alikwenda Jumamosi moja ya Desemba, mahindi yakiwa yamevunwa. Alimkuta mwanamke huyo peke yake uani, ametandaza turubai, anapukuchua kwa mikono. Hakuwa na Biblia mkononi, na bila hiyo alijiona kama aliyetoka nyumbani bila viatu. Aliamkua, akaketi, akachukua gunzi. Walipukuchua. Alikuwa amesoma juma hilo kwamba rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na kwamba makosa yao yote yalianza walipofungua vinywa. Hata hivyo, kimya cha kitabuni ni kitu kimoja, na kimya cha turubai, vidole vikianza kuvimba, ni kingine. Mara tatu fungu la Biblia lilimpanda hadi kwenye ulimi. Mara tatu akalimeza.

Jua lilikuwa limekwisha kupinda yule mama aliposema, "Wewe ulikuja ukaniuliza kama alikuwa ameokoka."

"Nilikuuliza, mama. Nilikukosea. Nisamehe."

Mahindi yaliendelea kuanguka. "Alikuwa akipenda ya kuchoma," mama akasema baadaye, "yaliyoungua upande mmoja. Nikimpa ambayo hayajaungua ananirudishia." Kisha akaeleza mengine, na hayo ni yake. Walipofunga gunia la pili alisali mwenyewe, kwa lugha ya nyumbani kwao, ambayo Mama Mchungaji huisikia nusunusu. Mgeni alisema Amina mwishoni.

Alhamisi akina mama walitaka kujua habari za huko, ili wajue la kuombea. Aliwaambia kwamba mavuno yalikuwa mazuri.

Kozi inadai saa za mazoezi, na kila saa hujazwa kwenye fomu yenye nafasi ya tarehe, muda, njia iliyotumiwa na sahihi ya mhusika kwamba ameridhia mazungumzo yake yatumike katika masomo. Mama Mchungaji aliitazama fomu hiyo alfajiri mbili mfululizo. Saa alizokaa kwenye turubai zilikuwa tatu, na alizihitaji. Hakuweza kujiona akirudi pale uani na kalamu. Aliiacha tupu, akamwandikia mhadhiri barua pepe kwamba saa zake bado zimepungua, na kwamba atajitahidi kuzitimiza kabla ya Machi, saa za huko zikisogezwa.